Maandishi Yanayorudi Jioni

Hasira ni hasara, lakini Cheruto alikuwa tayari kupata hasara. Tuktuk ilipotoka stendi ya Njoro, alimgeukia abiria wa kando, mwanamume asiyemjua, akamwonyesha karatasi yenye namba ya simu. "Boss, huyu ni fundi wa tatu! TV yangu imeingiwa na maandishi. Jambazi kwa sinema hajafungua mdomo na nishasoma atasema nini!"

"Hiyo haitaki fundi," jamaa alisema. "Ingia kwa menyu, utafute subtitles, uzime."

"Kwani unadhani sijui kuzima? Nazima kila asubuhi. Nikirudi jioni, hayo hapo! Hata remote nimeitoa nailoni ya duka nikidhani ndiyo inaharibu, na nilikuwa nimeapa haitatoka."

"Mchana remote hukaa na nani?"

"Na baba yangu, na huyo hana makosa. Hata sauti huweka chini kabisa. Siku hizi anacheka peke yake mbele ya hiyo TV, mimi nikiumia na maandishi!"

"Mama, ukimwita akiwa amekupa mgongo, huitika?"

"Aitike wapi! Amezeeka na kiburi, huyo. Mpaka nisimame mbele yake ndio..." Cheruto hakumaliza. "Ni kiburi tu," alisema tena, lakini polepole.

Tuktuk ikasimama kwa geti lake. Alishuka bila kuaga, ile karatasi ameifumbata mkononi. Dereva akamwita mara mbili kwamba amesahau sukuma wiki yake. Cheruto hakugeuka.