Ganeti Tuliyoifuata na Shemeji

Mwangaluka, ndugu zangu. Wengi hapa Bariadi mnanijua kama fundi wa kukata vito. Wachache ndio mnaojua kwamba kuna wakati jiwe jekundu sikutaka hata kuliona.

Kwetu ni Shishiyu. Mwaka ambao pamba ilitunyima, mimi na shemeji yangu, mume wa dada, tulikwenda Tunduru kuchimba ganeti. Ganeti ukiikuta kwenye udongo utadhani punje ya mkaa. Iinue juani, inawaka nyekundu! Tena ni nzito kuliko mchanga. Ukichekecha majini, yenyewe inabaki chini. Tulizipata. Ndogondogo, lakini tulizipata.

Asubuhi moja shimo likatitia. Mimi nilikuwa karibu na mdomo, wenzetu wakanivuta. Shemeji alikuwa chini. Walipomfikia, alikuwa ameshakata roho.

Tukamrudisha nyumbani, tukazika. Nawaambia, ndugu zangu, mimi mwenyewe kilichotoka shimoni ni mwili tu, roho ilibaki kule. Ndani ya nyumba kifua kilibana, nikawa nalala uani. Watu wakaniambia, "Sahau, bhabha, ni mipango ya Mungu." Dada nilimkwepa. Ningemwambia nini?

Siku moja akanifuata zizini.

"Hicho mlichokwenda kukitafuta kikoje? Nionyeshe."

Nilikuwa na kipande kimoja, nimekifunga kwenye leso. Akakiinua juani, akakitazama sana. "Kumbe ni kizuri," akasema. "Sasa niambie, asubuhi ile alikuwa anaongea nini?"

Jamani! Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia alikuwa anamtania mpishi wetu, kwamba ugali wake una mabonge ya kujengea nyumba. Dada akacheka. Kisha akalia, nami nikalia, tumekaa pale pale kwenye samadi.

Mwishowe akanishika mkono. "Udongo ndio uliomchukua, siyo wewe. Twende ndani ukale."

Nikaingia. Mlango tuliuacha wazi, lakini niliingia.

Haikuisha siku ile. Namshukuru mshauri wa hospitali aliyenivumilia, na mzee wa hapa mjini aliyenifundisha kukata mawe, akaniwekea mashine barazani kwenye hewa. Ninyi wa kikundi chetu cha kufarijiana mlikuja kukaa nami hata nilipokuwa sisemi. Na wewe dada, uliyeketi pale nyuma: wabeja sana.

Nina ombi moja. Mtu akirudi na msiba kama ule, msikimbilie kumwambia asahau. Mwulizeni habari za marehemu wake. Huenda anasubiri tu aulizwe.