Mama Vishindo Amfikisha Inspekta Nyumbani

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutembea bila kutoka chumbani, Mama Vishindo wetu anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Anayesoma jarida letu kwa mara ya kwanza asishangae. Katika kila mchezo wa upelelezi uliorushwa na redio yetu Ijumaa jioni, hatua zote mlizosikia, za Inspekta, za majasusi, za wauaji na hata za wajane wao, zilikuwa za mama huyu mmoja, akitembea juu ya sinia la kokoto mbele ya kipaza sauti.

Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Alikuja kuwa karani wa mapokezi. Siku moja alipita na mafaili yake nje ya studio wakati tunarekodi, viatu vyake vikaharibu kipande kizima. Mtayarishaji wa wakati ule, mzee mkali kama pilipili, alitoka kumgombeza. Akamtazama miguuni, kisha akamwomba apite tena, safari hii polepole, kama mtu anayefuatwa. Mama akapita. Mapokezi hawakumwona tena.

Shule yake ilikuwa sinema. Enzi za uchumba, yeye na mumewe, ambaye ni fundi viatu, walikwenda kutazama filamu za zamani za majasusi na majambazi, zile nyeusi na nyeupe, za makoti marefu na mvua isiyokatika. Taa zikizimwa, bibie anafumba macho asikilize viatu. Baba watoto analalamika mpaka leo kwamba alikuwa akilipa tiketi mbili, moja ya mtu asiyetazama. Ila ndoa ni kuvumiliana. Yeye ndiye aliyemshonea viatu vyote vya kazi: vya Inspekta vyenye soli ya ngozi, na vya muuaji vyenye vyuma kisiginoni.

Hivyo vya vyuma vilituponza. Jioni moja, katika pilikapilika, Mama alivaa vya muuaji akamtembeza navyo Inspekta. Mchezo uliporushwa, simu hazikukatika. Wasikilizaji walikwisha kutoa hukumu: muuaji ni Inspekta mwenyewe, na polisi mmoja mstaafu akaapa kwamba yeye alimshuku tangu mwanzo. Mwandishi wetu wa michezo ya redio alihangaika wiki nzima mpaka akapata pa kutokea: Inspekta alikuwa amevaa viatu vya muuaji kwa makusudi. Watu wakamsifu mwandishi kwa akili nyingi. Mama naye akavifunga vile vya vyuma utepe mwekundu, asivichanganye tena.

Mwigizaji wa Inspekta, kaka yetu mnene mwenye sauti ya kutetemesha glasi, hurekodi akiwa ameketi. Husema yeye ni kichwa tu, na kichwa hakijawahi kufika popote bila miguu. Mwaka jana maneno hayo yalitimia. Goti la Mama lilianza kuuma, naye hakumwambia mtu. Sisi tunaoshinda naye hatukuona kitu. Wasikilizaji ndio waliosikia kwamba Inspekta anachechemea. Bibi mmoja alipiga simu kuagiza akandwe goti kwa maji moto yenye chumvi, na kama ana mke, mkewe aambiwe. Mama alipopewa ujumbe alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akaenda kujikanda.

Daktari alimwambia apunguze kusimama. Tukajaribu kutumia hatua zake za zamani tulizohifadhi kwenye kanda, ikawa kichekesho: sauti ya Inspekta ni ya mtu mzima, miguu ni ya kijana anayewahi mpira. Basi wakubwa wakaamua mchezo ufike mwisho, na mwandishi akaandika mwisho mwepesi kwa goti: risasi moja, Inspekta anaanguka, hakuna hatua hata moja.

Hapo ndipo mpole wetu alipokataa. Alimfuata mwandishi mezani kwake, akamwambia kwamba kila Ijumaa mchezo ukiisha, yeye ndiye anayemtembeza Inspekta kwenye mvua na ukungu mpaka sauti inafifia. Hajawahi kumfikisha nyumbani hata siku moja. Mtu atembezwe miaka yote hiyo, aje afie njiani? Mwandishi akajitetea kwamba mashujaa wa filamu za zamani ndivyo walivyoishia. Mama akamjibu kwamba wale hawakuwa na wa kuwaombea, ila huyu ana bibi wa maji ya chumvi. Mwandishi akaupasua ule ukurasa, akauliza kama goti litaweza. Mama akasema kuweza ni kwa Mungu, kwake yeye ni kuvaa viatu.

Tulirekodi asubuhi. Fundi viatu alikuja mwenyewe na viatu vya Inspekta, amevitia soli mpya na sponji ndani, akakaa pembeni ameshika kofia yake. Tuliomba dua fupi, kila mtu kwa imani yake. Mama akapanda siniani. Kokoto. Kisha ngazi za mbao, na pale goti likamchoma, akasimama, akashika meza. Mwigizaji, bila kuandikiwa, akahema kwa niaba yake. Halafu ule mlango wetu mdogo wa studio, wa kutolea sauti tu, ambao miaka yote umekuwa ukifunguliwa bila kuelekea popote, ukafunguka. Kiatu kimoja kikavuliwa, kikawekwa chini. Cha pili. Hatua chache za miguu peku. Inspekta akasema neno lake moja tu: nimerudi.

Yule bibi alipiga simu mara mchezo ulipokwisha kurushwa. Alitaka kujua kama Inspekta amewekewa chakula. Tulimwambia kipo, kimefunikwa.

Mama Vishindo, ahsante kwa kila hatua. Viatu vya Inspekta ni vyako, ondoka navyo. Vya muuaji tutabaki navyo sisi, na utepe wake. Mwenyezi Mungu akujalie afya na usingizi mwema, na baba watoto akupeleke sinema, safari hii ufumbue macho asilalamike. Tunakutakia maisha ya raha nyumbani kwako. Tembea polepole, mama. Hakuna anayekufuata.