Alama Nyekundu Jikoni kwa Mzee Didace Anicet (1951–2025)

Jambo la kwanza ambalo mjukuu wake, Queen, aliliona kwa Mzee Didace Anicet ni mwendo wake: hatua ndefu zilizolingana, midomo ikichezacheza. Alikuwa anahesabu. Kwake njia haikuwa njia mpaka ipimwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 Mwese, mtoto wa tatu wa Mzee Anicet na Mama Capitoline. Alihitimu elimu ya msingi huko huko mwaka 1967, enzi ambazo kwenda Mpanda kulikuwa kufuata kijia cha miguu.

Mwaka 1973 aliajiriwa kibarua katika kikosi kilichopanua kijia hicho kwa sururu na majembe, kutoka mjini, kupitia Kawajense, hadi milimani Mwese. Alipanda hadi kuwa nyapara, akastaafu mwaka 2011 akilijua kila kalavati.

Tarehe 3 Juni 1978 alifunga ndoa na Bi Lusia, wakajenga Kawajense, kando ya barabara. Mwaka 1996 alitumwa kupima upana wa lami iliyotarajiwa na kuchora X nyekundu kwenye kila jengo lililoingia hifadhi ya barabara. Mkanda wa kupimia ulipofika kwake, ukalimeza jiko lote. Bi Lusia akatoka na mwiko mkononi.

“Baba Severini! Hata jiko langu?”

“Mkanda haumjui mwenye nyumba, Mama Severini.”

“Haya, leo ukale huo mkanda.”

Akachora. Lami haikuja. Mvua zikiifuta alama, kila Pasaka aliipaka upya: “Wakija wasipotee.”

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2024. Tarehe 9 Machi 2025, akiwa Mwese kumwona dada yake, Pudensiana, alizidiwa. Gari lililokuwa likimleta mjini lilinasa kwenye tope la kilimani kwa saa tatu. Alikuwa amelala mapajani mwa mwanawe Severini.

“Tupo kalavati la ngapi?”

“La nne, baba.”

“Bado sita,” akasema. Hakufika hospitali.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na dada yake Pudensiana. Wapimaji walipita tena Februari mwaka huu. Greda limeahidiwa baada ya masika. Chakula cha msiba huu kimepikwa uani, kwa kuwa Bi Lusia amekwisha kutoa masufuria yote. “Jiko hilo si langu tena,” amesema, “ni la barabara.” X bado imekolea.

Apumzike kwa amani aliyetangulia kuipima njia; sisi tunalisubiri greda.