Ukoko Alioula Mama Tabitha

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni kwa nguvu, mnitie moyo. Mimi nimezoea kusimama mbele ya sufuria, si mbele ya watu.

Naitwa Damasi, mzaliwa wa Miono. Wenyeji wa Bagamoyo wenye umri wangu wananijua: nilikuwa mpishi wa shughuli. Harusi ikiitwa harusi, pilau nimepika mimi. Sijisifu, ndugu zangu, nawaeleza nilikokuwa ili mjue nilikoangukia. Gongo ilinishika. Mwanzo nilikunywa baada ya kupika, kisha nikawa nakunywa huku napika, mwisho nakunywa tu, kupika sipiki. Nilivuruga shughuli za watu, wakaacha kuniita. Mke wangu alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akarudi kwao Fukayosi. Mimi nikahamia barazani, kwenye maduka karibu na soko, boksi chini, gunia juu. Miaka minne!

Jirani yangu pale barazani alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima asiye na mtu. Yeye ndiye aliyenikokota kwenda kanisani siku ya Krismasi, yeye Mwislamu na tasbihi yake mkononi. Alisema pale wanalisha watu bila kuwauliza wanasali wapi, na mbuzi anachinjwa na Mzee Seif, jirani wa kanisa, ili kila mgeni ale bila wasiwasi.

Nikaenda. Nilitegemea foleni na mfuko wa nailoni getini. Nikakuta mikeka imetandikwa uani, maji ya moto ya kuoga, nguo safi zimekunjwa, na watu wanaimba. Mkuu wa shughuli ile alikuwa Mama Tabitha, mjane anayeuza vitumbua stendi. Alikuja na jagi na beseni, akaninawisha mikono hii iliyokuwa inanuka jalala, akaniita mgeni wetu. Kwa miaka minne jina langu lilikuwa "wewe, toka hapo."

Lakini mimi ni mimi. Pilau lilipokuja nikaonja, nikasema mbele za watu, "Mama, hili ni pilau au bokoboko?" Lilikuwa limelowa, nisingeweza kunyamaza. Bi Zuhura akanifinya. Mama Tabitha alicheka mpaka akashika kiuno, akasema basi Pasaka nije nipike mimi.

Nilidhani utani. Pasaka ilipofika alinifuata barazani mwenyewe, akanikabidhi sufuria kubwa, mchele, nyama na mwiko, akaenda zake kuwapokea wageni. Hakuniwekea mtu wa kunichunga. Na Bi Zuhura alikuwa ameshatangaza soko zima kwamba leo watu watakula pilau la Damasi.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mikono ilikuwa inatetemeka, na kiunoni nilikuwa nimeficha kichupa. Nikajiambia nionje kidogo tu, mikono itulie, nipike vizuri. Mnaijua "kidogo" ya mlevi. Nikapalia makaa juu ya mfuniko, na kuni za chini nikasahau kuzitoa. Nikakaa ukutani, nikasinzia. Nilizinduliwa na harufu, na harufu ile mpishi haulizi ni ya nini.

Wageni walikuwa wameshanawa, wamekaa, wanasubiri. Ndugu mmoja wa kamati akasema nitolewe, na alikuwa na haki. Nilishaanza kuelekea getini. Ndugu zangu, ningetoka pale nisingerudi tena, ningekunywa mpaka nife. Mama Tabitha akanishika mkono. Alisimama karibu, pombe aliinusa. Akafunua sufuria, akapakua pilau la juu lililosalimika, akawapelekea wageni kwenye masinia. Kisha akachukua mwiko, akakwangua ule ukoko mweusi, akajaza sahani yake, akakaa mkekani kando yangu. Akala. Mama wa watu anatafuna mkaa!

Akaniambia, "Ukoko huu ni wangu. Pentekoste sufuria ni yako."

Nimehubiriwa tangu ubatizo, lakini habari ya msalaba niliielewa siku ile mkekani, asiyeunguza alipokula kilichoungua. Nililia bila kujali nani ananitazama. Niliomba sala yangu ya kwanza isiyo ya kukariri: Yesu, nimeunguza kila kitu, nisaidie. Mama Tabitha alinipeleka hospitali, kisha akanilaza chumba cha uani kwake. Nilitetemeka na kutapika siku nyingi, akina mama wakipokezana kuniletea uji na kuniombea. Bwana akanitoa. Alinitoa, wapendwa!

Pentekoste nilipika, punje inajitenga na punje. Bi Zuhura alikula, akanawa, akalalamika kwamba hakuna hata ukoko wa kutafuna. Tangu siku ile sijaonja gongo. Nimepanga chumba. Mke wangu bado hajarudi, mniombee. Ila simu yangu sasa anapokea.

Krismasi hii iliyopita alikuja mtu wa makamo kutoka Mapinga, analala stendi. Alisema zamani alikuwa na mgahawa. Nikamwachia sufuria ya wali wa nazi, nikaenda kunawisha wageni. Niliporudi wali umeungua, naye amesimama anaangalia geti. Pumzi yake niliijua. Macho yale pia niliyajua.

Nikapakua wa juu, nikawapelekea wageni. Kisha nikachukua sahani, nikakwangua, nikamwambia akae. Nikala mbele yake.

Ni mchungu, ndugu zangu. Miaka yote hii nilisimulia habari za ukoko ule, sikujua kumbe ulikuwa mchungu kiasi kile.

Wewe uliyeunguza ndoa, uliyeunguza kazi, uliyeunguza jina lako, usielekee getini. Yesu yuko mkekani, nafasi kando yake ipo. Njoo ukae. Pasaka sufuria ni yako.