Gauni la Ubatizo

Kwenye basi nilikaa nyuma ya fundi cherehani tunayesali naye kanisa moja. Hakuniona. Alikuwa akimweleza mama mmoja asiyemjua, aliyekaa kando yake.

"Nilipewa kitambaa cha madhabahu nikishone. Nikakimega, nikamshonea binti yangu gauni la ubatizo. Miaka sita sasa, dada, wenzangu wakienda mezani kwa Bwana, mimi nabaki kwenye benchi nakitazama kilivyo kifupi upande mmoja."

"Ulitubu?"

"Kila siku, mpaka magoti yameota sugu."

"Basi Mungu alikusamehe siku ile ya kwanza. Hizo nyingine unamsumbua tu mzee wa watu."

Mungu kuitwa mzee wa watu! Nilitaka kukohoa, nikajizuia.

Fundi alicheka, kisha akajifuta macho. "Mungu sina wasiwasi naye. Nawaogopa akina mama wa kanisa. Wananiita Mkasi."

"Nani alianzisha?"

"Mungu anamjua."

Basi likasimama, fundi akashuka. Hata angegeuka asingenitambua, maana nilikuwa nimejifunika mtandio mpaka puani. Jina hilo la Mkasi nililitunga mimi, siku nilipokuwa nakifua kitambaa kile nikaona kimepunguzwa.