Mama Tope, Aliyechefuliwa na Darasa Lililo Kimya

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili na kitindamimba wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Tangu utotoni alikuwa na kinyaa. Akikuta unywele kwenye bakuli, hagusi tena chakula siku hiyo. Tope tu ndilo halikumkera.

Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha akajiunga na chuo cha ualimu wa watoto wadogo, alikohitimu mwaka 1983. Baba yake alimtania: "Yaani miaka miwili yote unasomea kucheza?"

"Baba, mtoto hana kazi nyingine," akajibu.

Januari 1984 aliajiriwa katika chekechea iliyosifika kwa nidhamu. Wageni walisimama mlangoni wakistaajabia watoto wa miaka mitatu, minne, mikono mezani, wametulia kama maji mtungini. Marehemu hakustaajabu, alisikia harufu. Alipoinama alikuta mikojo chini ya viti. Watoto waliogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mmoja alikuwa amekalia kinyesi chake tangu asubuhi huku akinakili a, e, i, o, u. Marehemu alitoka nje, akatapikia maua ya mwenye shule.

"Unaumwa?" mwenye shule akamuuliza.

"Siumwi. Nimechefukwa."

Aliwaogesha wale watoto, akawapeleka kwenye rundo la udongo nyuma ya jengo. Wakamimina maji, wakajenga, wakabomoa, wakagombana na kupatana. Aliyeinua ngumi alifundishwa kusema, "Nimekasirika." Wazazi walilalamikia sare zilizochafuka, wakambandika jina la Mama Tope. Akalipokea kwa mikono miwili.

Mwaka 1991 aliletwa binti wa miaka minne aliyefiwa na mama yake, na tangu msiba hakuwa amefungua kinywa. Kila siku alimfukia mwanasesere udongoni, akaushindilia kwa viganja. Bibi yake alisema ule ni uchuro. Mwenye shule akaamuru mchezo ukomeshwe.

"Mwacheni," marehemu akasema. "Anatusimulia."

Akaketi chini kando yake, akawa anamsogezea udongo. Asubuhi moja mtoto alisita, akamtazama usoni. "Mimi sikumuaga," akasema.

"Basi muage sasa, mwanangu."

Mtoto akaaga, akalia kifuani pa mwalimu wake hadi wenzake walipofuatwa na wazazi. Kesho yake aligombania ndoo, kwa sauti iliyofika barabarani.

Kumbe mtu alikuwa amempiga mtoto picha akilia. Mwenye shule aliibandika getini, kubwa kama mlango, na maneno: "Hapa tunaponya mioyo." Pale penye udongo akamwaga saruji, wazazi wapate pa kuegesha magari. Marehemu aliichana ile picha mbele ya watu na kuacha kazi siku hiyohiyo. Tangu hapo kila alipopita mtaa ule alifunika pua, ingawa mitaro ilikuwa safi.

Mumewe, seremala aliyefunga naye ndoa mwaka 1986, alihamishia mbao zake barazani ili karakana iwe chekechea. Mawifi walinung'unika kwamba nyumba imegeuka zizi. Seremala akawaambia, "Mkichoka, viatu vyenu viko mlangoni." Humo marehemu alilea watoto wa watu mpaka figo zilipomwangusha mwaka jana.

Alipolazwa, mwenye shule yule alikuja wodini na mpiga picha, ati kumuenzi. Marehemu, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kuinua kikombe, aligeukia ukuta. "Dada," akamwambia dada yake mkubwa aliyekuwa akimuuguza, "fungua dirisha."

Dirisha lilikuwa wazi. Mgeni akaelewa, akaondoka na mpiga picha wake.

Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 14 Juni mwaka huu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Shada la maua lililoletwa leo kutoka shule ile limerudishwa lilikotoka.

Ameacha mume, dada yake mkubwa, binti mmoja, mwana mmoja, mkwe, wajukuu watatu, na watu wazima wengi ambao bado wanamwita mwalimu. Mola amlaze pema, apumzike kwa amani. Alichokichukia, sisi ndugu zake tutaendelea kukichukia.