Bomba Lililopanda Basi

Mzee fundi wa maji alipanda basi kapakata kipande cha bomba kuukuu kama mtu anayempakata mjukuu. Kutu ikawa inamwagika tu. Mkunga aliyekaa naye kiti kimoja akavuta gauni lake pembeni. "Mzee wangu, hicho chuma chakavu au mgonjwa?"

"Mgonjwa, mwanangu. Nampeleka kwenye kikao cha baraza. Leo ndiyo wanaamua, tubadilishe mabomba ya mji au tuendelee kutia viraka."

"Yaacheni! Miaka ishirini nazalisha kwa maji hayohayo, sijawahi kukosa ya kunawa mikono. Mimi nayashukuru sana mabomba yenu."

Mzee akatabasamu. Miaka yote hiyo alikuwa akidamka alfajiri, anasimamisha fimbo barabarani, anaitegea sikio asikie bomba linavuja wapi. Hakuna aliyewahi kumwambia ahsante, na leo amekuja kuipata kwa mtu anayempinga. "Shukrani ya punda mateke, ya kwetu viraka! Kama unayashukuru, yapumzishe."

"Na mkishafukua, vichanga nivioshe kwa mate?"

Basi zima likatega sikio. Mzee hilo hakuwa amelifikiria. "Nitakuvutia mpira wa maji mpaka mlangoni," akasema.

"Maneno ya kwenye basi hayo."

Basi likasimama mbele ya ofisi za baraza. Mzee akahangaika na goti lake. Mkunga, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akalinyanyua bomba, kutu yote gaunini.

"Sijakubali, baba," akasema akishuka. "Naenda kuwauliza huo mpira unakuja lini."